Amemaliza shule, hajafika kumi na nane

Novemba 2031 haitakuwa Novemba ya kawaida katika shule za sekondari za Tanzania Bara. Mikupuo miwili ya wanafunzi itaketi kufanya mtihani wa kidato cha nne kwa pamoja. Wa kwanza ni wale walioanza darasa la kwanza mwaka 2021, ambao wanamaliza darasa la saba mwaka 2027 kwa utaratibu wa zamani. Wa pili ni wadogo zao walioanza mwaka 2022, ambao kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, wanaishia darasa la sita mwaka huohuo wa 2027. Wote wataingia kidato cha kwanza Januari 2028 na, ratiba isipobadilika, wote watatoka pamoja.

Habari ya madarasa na madawati ya kuwatosha watoto hawa imezungumzwa sana. Habari ya umri wao imezungumzwa kidogo. Mtoto anayeanza shule na miaka sita, akasoma miaka sita ya msingi na minne ya sekondari, anavua sare akiwa na miaka 16. Elimu ya lazima ya miaka kumi imekwisha. Amesoma kadiri nchi ilivyomtaka asome. Lakini kwa sheria za nchi hiyohiyo yeye ni mtoto kwa miaka miwili mingine: hapati kitambulisho cha taifa, hawezi kusajili laini ya simu kwa alama ya kidole chake, na haruhusiwi kuajiriwa mgodini, baa wala hotelini. Katika miaka hiyo miwili atafanya kazi gani, nani atamlipa, na kwa masharti gani?

Wala hili si la kungojea 2031. Hata sasa wapo wengi wanaomaliza kidato cha nne wakiwa na miaka 17, na wengine 16. Katika mtihani wa mwaka 2024, watahiniwa wa shule waliopata matokeo walikuwa 516,695, na kati yao waliopata daraja la kwanza hadi la tatu ni takriban asilimia 43. Hao ndio wenye matumaini ya karibu ya kidato cha tano au chuo. Waliobaki ni zaidi ya nusu. Wengi wao wana daraja la nne, ambalo linahesabiwa kuwa ni kufaulu, lakini mlango linaoufungua ni mwembamba.

Kati ya Novemba mtihani unapokwisha na mwishoni mwa Januari matokeo yanapotoka, ndipo wengi wanapoonja kazi ya kwanza ya malipo. Mjomba anamwita kijana dukani Kariakoo kwa msimu wa sikukuu. Shangazi ana saluni Mbagala, anataka mtu wa kuosha nywele na kufagia. Jirani ni seremala wa Keko, anatafuta wa kupiga msasa. Mama mmoja wa mjini amepiga simu kijijini Iringa kuulizia binti wa kukaa na watoto. Kwenye ujenzi, saidia fundi haulizwi cheti. Anatazamwa mikono na mabega. Hakuna tangazo, hakuna usaili, na mara nyingi siku ya kwanza inakwisha bila mtu kutaja kiasi cha mshahara. "Wewe njoo uanze, tutaelewana," ndiyo kauli ya ajira ya vijana wengi wa nchi hii.

Na kauli hiyo ina nguvu kwa sababu imesemwa na mkubwa. Kijana aliyelelewa kumwamkia mjomba wake shikamoo kila asubuhi hawezi, siku ya kwanza ya kazi, kumkazia macho na kumuuliza atalipwa shilingi ngapi, siku gani, na kwa saa ngapi za kazi. Akiuliza ataambiwa hana shukrani. Mama yake mwenyewe atamgombeza: umetafutiwa kazi, unaanza masharti? Adabu aliyofunzwa nyumbani, ambayo ni jambo jema, inageuka kuwa sababu ya kufanya kazi miezi mitatu bila kujua anadai nini.

Ndiyo maana sheria inapaswa kuuliza kwa niaba yake, na kwa kweli imekwisha kuuliza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anapoanza kazi maelezo ya maandishi: jina lake, umri, jinsi na anwani, kazi atakayofanya, tarehe ya kuanza, mahali pa kazi, saa za kazi, na malipo na namna yanavyokokotolewa. Kama mfanyakazi hayaelewi yaliyoandikwa, mwajiri anawajibika kuhakikisha anaelezwa kwa namna atakayoielewa. Tena sheria imekwenda hatua moja mbele. Likizuka shauri, na mwajiri akashindwa kuonyesha mkataba au maelezo hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa unakuwa juu yake.

Hili la mwisho halijulikani mitaani, na kutojulikana kwake kunawaumiza vijana kuliko upungufu wowote wa sheria. Imani iliyoenea ni kwamba asiyepewa karatasi hana kesi. Kijana akidhulumiwa mshahara wa miezi miwili anaambiwa, "Mkataba uko wapi?" naye anainamisha kichwa na kuondoka. Sheria inasema kinyume: anayepaswa kuulizwa mkataba uko wapi ni bosi. Sheria hiyohiyo inataka taarifa ya haki za wafanyakazi ibandikwe mahali pa kazi panapoonekana na wote. Ingia duka lolote kubwa utakuta leseni ya biashara imetundikwa ukutani, pamoja na cheti cha mlipakodi. Taarifa ya haki za wafanyakazi ni nadra kuiona.

Kuhusu umri, sheria imejengwa juu ya mihimili miwili: miaka 14 na miaka 18. Chini ya miaka 14 hakuna ajira. Kuanzia 14 mtoto anaweza kufanya kazi nyepesi, isiyodhuru afya na makuzi yake wala masomo yake. Hadi atimize 18 haruhusiwi kufanya kazi ya hatari, iwe mgodini, kiwandani, melini au shambani, katika sekta rasmi au isiyo rasmi. Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, imeongeza mipaka yake. Kazi inayozidi saa sita kwa siku inahesabiwa kuwa ni unyonyaji wa mtoto. Hakuna kumfanyisha mtoto kazi kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Katika kazi za hatari imetaja kwenda baharini, uchimbaji madini na mawe, kubeba mizigo mizito, viwanda vya kemikali, sehemu zenye mashine, na baa, hoteli na kumbi za starehe ambako mtoto anaweza kukutana na mwenendo usiofaa.

Mipaka hii haikuchorwa kwa kubahatisha. Tanzania iliridhia mkataba wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu umri wa chini wa kuajiriwa, Namba 138, mwaka 1998, na ule wa aina mbaya zaidi za ajira ya watoto, Namba 182, mwaka 2001. Ilikuwa miaka ambayo Mererani ilijulikana kwa tanzanite na kwa watoto walioitwa nyoka, waliopenya kwenye mashimo membamba ambamo mtu mzima hakuweza kupita. Mwaka 2014 utafiti wa kitaifa ulikadiria kuwa watoto milioni 4.2 wa miaka 5 hadi 17 walikuwa katika utumikishwaji, idadi iliyo sawa na asilimia 28.8 ya watoto wa umri huo, na wengi wao walikuwa mashambani. Nchi yenye historia hiyo haina haki ya kulegeza kamba. Anayependekeza umri wa kazi za hatari ushushwe ili vijana wapate ajira anapendekeza kulipa deni la uchumi kwa vidole na mapafu ya watoto.

Hata hivyo, tumfuate kijana wa miaka 17 mwenye cheti chake cha kidato cha nne tuone anakoweza kuingia. Karakana ya Keko ina randa na msumeno wa umeme. Gereji ina mashine ya kuchomelea. Kiwandani Chang'ombe asikanyage. Hoteli ya Arusha, hata jikoni, hata mapokezi, ina wasiwasi naye. Machimbo ya kokoto hayamhusu. Analobakiwa nalo ni duka, saluni, banda la mama lishe, ofisi ya mtu, shamba kwa kazi nyepesi, na nyumba za watu. Huko nako aishie saa sita na aondoke kabla ya saa mbili usiku.

Sasa mtazame mwajiri. Kampuni inayoheshimu sheria, yenye ofisa rasilimali watu na mwanasheria, inafanya jambo rahisi kuliko yote: haimchukui mtu yeyote aliye chini ya miaka 18, hata kwa kazi ambayo sheria inairuhusu. Hakuna faida ya kujiingiza kwenye mabishano na afisa kazi kwa ajili ya kijana mmoja wa kupanga mafaili. Sheria pia inasema umri ukibishaniwa, mwajiri ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba alichunguza na kuwa na sababu ya kuamini mtoto hakuwa chini ya umri. Kwa hiyo mwajiri mwaminifu anamkataa. Anayempokea ni yule asiyejali sheria yoyote: si ya umri, si ya saa, si ya mshahara. Kijana anayekaribia utu uzima anasukumwa kutoka kwa waajiri wazuri kuelekea kwa waajiri wabaya, na kinachomsukuma ni ulinzi uleule uliotungwa kwa ajili yake. Hapa ndipo tatizo lilipo.

Kitambulisho kinakazia hali hiyo. NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, husajili raia aliyefikisha miaka 18. Tangu laini za simu zianze kusajiliwa kwa alama za vidole mwaka 2019, na zisizosajiliwa zianze kuzimwa Januari 2020, namba ya NIDA imekuwa ufunguo wa karibu kila kitu. Kijana wa miaka 17 anatumia laini yenye jina la mama au kaka, na mshahara wake unapitia kwenye namba hiyo. Wengi wanapelekewa kwa uaminifu. Kwa wengine, mshahara unafika kwanza kwenye madeni ya nyumbani, kisha kinachobaki ndicho chake. Waajiri rasmi wanaiomba namba hiyo kabla ya jambo lolote, na hata mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo asilimia 4 yake ni fungu la vijana, inaanzia kwa wenye miaka 18. Cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kinatosha kuthibitisha umri wake. Kwa nini kisitoshe kumlipa mtu mshahara wake kwa jina lake?

Nyumbani kwa watu ndiko kwenye giza zaidi. Binti wa miaka 16 au 17 anayekuja mjini kuwa dada wa kazi anaamka saa kumi na moja alfajiri kuandaa watoto wa shule, na analala baada ya wote kulala, mara nyingi saa nne au saa tano usiku. Amevunjiwa sheria mara mbili kabla hata hajahesabu mshahara: saa sita zimepita kabla ya adhuhuri, na amefanya kazi usiku kila siku ya wiki. Wanaomwajiri si majambazi. Ni walimu, wauguzi, maofisa wa benki, waandishi wa habari, watu wanaojua maana ya saa za kazi kwa kuwa wao wenyewe wanazidai huko ofisini. Mama wa nyumba naye anabanwa. Bila binti yule hawezi kwenda kazini. Ukweli huo hauondoi ukweli mwingine, kwamba saa za mtu mzima mmoja kazini zimelipwa kwa saa za mtoto wa mtu mwingine.

Mshahara wake nao umewekwa kwenye sheria. Amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza kutumika Januari 2023 ilimpa mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri wa kawaida shilingi 60,000 kwa mwezi, na asiyelala hapo shilingi 120,000. Dukani na kwenye biashara nyingine kima kilikuwa 150,000, kwenye kilimo 140,000. Kuanzia tarehe 1 Januari 2026 Serikali imepandisha wastani wa kima cha chini cha sekta binafsi kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322. Ni hatua ya kupongezwa bila kinyongo. Lakini wastani huo umechanganya benki na migodi pamoja na jikoni. Yule binti hayuko katikati ya jedwali. Yuko mstari wa chini kabisa, na kwa kuwa mara nyingi fedha zake zinatumwa moja kwa moja kwa wazazi kijijini, yeye mwenyewe anaweza kumaliza mwaka bila kushika mshahara wake mkononi. Mzazi anayepokea anastahili kusaidiwa na mwanawe. Aliyefanya kazi anastahili kwanza kulipwa, kisha aamue atume kiasi gani.

Dukani kuna ugonjwa mwingine, unaoitwa shoti. Jioni hesabu zinapigwa, mauzo hayalingani na mali iliyotoka, na tofauti inakatwa kwa muuzaji. Kijana mgeni, ambaye hajazoea chenji wala wateja wa Kariakoo wanaouliza bei watano kwa mpigo, ndiye anayepata shoti kila wiki. Mwisho wa mwezi anaambiwa mshahara umeisha, au kwamba yeye ndiye anayedaiwa. Sheria ya 2004 imelizungumzia jambo hili kwa undani. Mwajiri hawezi kukata kwa ajili ya hasara mpaka hasara hiyo iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, aeleze kwa maandishi sababu, kiasi na hesabu yake, na ampe mfanyakazi nafasi ya kupinga. Hata hapo makato yote hayaruhusiwi kuzidi robo ya mshahara wa fedha taslimu. Robo. Kijana aliyekatwa mshahara mzima kwa shoti ameporwa, hata kama aliyemkata ni mjomba na hata kama hesabu ilikuwa sahihi.

Kisha kuna wale wanaojifunza. Gerejini, kwa fundi cherehani, kwenye karakana za kuchomelea, kijana huingia kama mwanafunzi wa fundi na mara nyingi mzazi hulipa ada ya kumfundisha. Mwaka wa kwanza anashika spana na kuosha vyuma. Hilo ni la haki, kwani fundi hazaliwi. Lakini mwaka wa pili anafanya kazi za wateja kamili, fundi mkuu anapokea fedha kamili, na yeye bado anapewa nauli na chakula cha mchana. Mwaka wa tatu vivyo hivyo. Akiuliza, jibu ni kwamba bado anajifunza. Hakuna tarehe ya mwisho, hakuna karatasi, na siku akiondoka hana cha kumwonyesha mtu isipokuwa mikono yake.

Sheria ya Mtoto imelifikiria hata hili. Inamruhusu mtoto wa kuanzia miaka 14 kuwa mwanagenzi katika sekta isiyo rasmi, inataka kuwe na makubaliano, inampa fundi wajibu wa kumfundisha na kumweka mahali salama, na inataka kijana atolewe kwa cheti anapohitimu. Mwaka 2017 Serikali ilitoa pia mwongozo wa taifa wa uanagenzi, na kupitia programu ya kukuza ujuzi vijana wamefundishwa na mafundi walio kazini wametambuliwa ujuzi walioupata bila kupita darasani. Waajiri wenye wafanyakazi kumi au zaidi hulipa kila mwezi tozo ya kuendeleza ufundi stadi. Fedha zipo, sheria ipo. Kinachokosekana ni karatasi moja inayofika mpaka kwa fundi wa chini ya mwembe.

Karatasi hiyo si ndoto. Kila kijana wa mjini anajua njia ya kwenda ofisi ya Serikali ya Mtaa kuchukua barua ya utambulisho, na kila mwajiri anajua kuiomba, pamoja na wadhamini wawili. Utaratibu huo unamlinda mwajiri: akiibiwa anajua pa kuanzia. Ofisi hiyohiyo ingeweza kutoa fomu ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, yenye yale yale yanayotakiwa na sheria: jina na umri wa kijana, kazi, saa, malipo na siku ya malipo, na kama ni mwanagenzi, tarehe ya kumaliza. Isainiwe na mwajiri, kijana na mzazi, nakala ibaki mtaani. Mjomba hataona kuwa ni utovu wa adabu, kwa sababu si mpwa wake anayeuliza. Ni mwenyekiti wa mtaa. Na afisa kazi wa mkoa, ambaye hawezi kutembelea kila saluni na kila nyumba, angekuwa na orodha ya mahali pa kuanzia.

Wakenya wamesogea kidogo mbele hapa. Sheria yao ya Ajira ya mwaka 2007 inamtenga mtoto wa miaka 13 hadi 16, anayeruhusiwa kazi nyepesi tu, na yule wa 16 hadi 18, anayeweza kuajiriwa ila si kwenye kazi za hatari. Na inamtaka mwajiri wa watoto aweke daftari la umri, tarehe ya kuzaliwa, na tarehe za kuanza na kuacha kazi. Nairobi na Mombasa nazo zina watoto wanaotumikishwa, hilo halifichiki. Lakini angalau aliye kati ya mwanafunzi na mtu mzima ana jina lake ndani ya sheria.

Tanzania inaweza kumpa nafasi hiyo bila kugusa mwiko wa miaka 18. Mkataba Namba 138 wenyewe unaruhusu nchi, baada ya kushauriana na vyama vya waajiri na wafanyakazi, kukubali vijana wa kuanzia miaka 16 katika kazi ambazo kwa kawaida zingezuiwa, kwa sharti kwamba afya, usalama na maadili yao yanalindwa kikamilifu na kwamba wamepata mafunzo mahususi ya kazi hiyo. Sheria ya 2004 nayo inakubali kuwa sheria nyingine ya mafunzo inaweza kumruhusu aliye chini ya miaka 18 awepo kiwandani au mgodini kama sehemu ya mafunzo yake. Mlango upo. Ila kauli ya "sehemu zenye mashine" katika Sheria ya Mtoto imebaki pana mno, kiasi kwamba cherehani ya umeme na kinu cha kusaga kokoto vinaweza kuwekwa kapu moja. Wizara yenye dhamana ya kazi ikae na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, na vyama vya wafanyakazi, itenganishe mashine kwa mashine: ipi mwiko kabisa hadi 18, ipi inaruhusiwa kuanzia 16 akiwa chini ya fundi aliyesajiliwa, na kwa saa ngapi.

Waajiri watalalamika kuwa masharti yanaongezeka. Wanaosema hivyo wasikilizwe pale wanapodai urahisi wa fomu na usajili, maana mwenye saluni ya viti vitatu hana mhasibu. Wasisikilizwe pale wanapodai kwamba kijana hawezi kulipwa kima cha chini kwa kuwa ni mgeni wa kazi. Tayari sheria imewapa nafuu kubwa: mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri mmoja halindwi na masharti ya kuachishwa kazi isivyo halali. Wapo wanaoitumia nafuu hiyo vibaya, wakimwondoa kijana mwezi wa tano na kumwita mwingine. Aliyeondolewa hivyo bado anaweza kudai mshahara wake, na ni muhimu alijue hilo. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hupokea malalamiko ya kuachishwa kazi ndani ya siku 30, na madai mengine, pamoja na ya mshahara, ndani ya siku 60. Siku hizo zinakimbia wakati kijana akiwa bado anambembeleza bosi kwa simu, akiambiwa "njoo Jumatatu".

Hayo yanapaswa kufundishwa kabla ya kumaliza shule. Mwanafunzi wa kidato cha nne anajua Vita vya Majimaji vilianza mwaka 1905, na ni vizuri ajue. Hatoki shuleni akijua siku 60, robo ya mshahara, saa sita, wala kwamba bosi asiye na karatasi ndiye mwenye shida mbele ya Tume. Vipindi viwili vya Oktoba, kabla ya mtihani, vingetosha, na maafisa kazi wa mikoa wakaalikwa kuvifundisha.

Muda uliobaki ni mfupi kuliko unavyoonekana, kwa sababu wapo wanaotangulia. Wanafunzi walioingia kidato cha kwanza Januari 2024 katika shule zilizoanza mkondo wa amali watamaliza Novemba 2027, wakiwa na fani kama umeme, uashi, ushonaji na kilimo. Wamefundishwa kwa mtaala wa Serikali yenyewe, ili wafanye kazi. Baadhi yao watakuwa bado na miaka 17, au 16. Mkandarasi atakayepelekewa barua ya maombi na kijana wa umeme wa namna hiyo atauliza jambo moja la haki kabisa: huyu naruhusiwa kumpandisha ngazi na kumpa waya, au atakuwa ananiletea kesi? Kanuni inayomjibu mkandarasi huyo, kwa lugha isiyo na utata na yenye jina la msimamizi na idadi ya saa, inatakiwa iwe imechapishwa kwenye Gazeti la Serikali kabla mtihani huo haujafanyika.